Gari likilala miezi mitatu, gesi ya AC huenda wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nasafiri mwishoni mwa Februari, narudi Juni. Toyota IST yangu itabaki kwa dada yangu Kigamboni, jirani na bahari. Safari iliyopita niliporudi AC ilinuka ukungu na ubaridi hakuna. Nikaambiwa gesi imekwisha. Imekwishaje wakati gari halikutembea?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Gesi ya AC hailiwi kama petroli, ikipungua, imevuja. Na kulala ndiko kunakosaidia kuivujisha. Shafti ya kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, inatokeza nje kupitia sili ya kuzuia mvujo, na sili hiyo inalainishwa na oili inayozunguka pamoja na gesi. Kompresa isipozunguka wiki nyingi, oili hutuama, sili inakauka, gesi inatoroka kidogo kidogo.

Mwachie dada ufunguo. Kila wiki mbili awashe gari na AC, ubaridi wa mwisho, dakika 10 hadi 15. Liwe uwanjani, si ndani ya gereji iliyofungwa, maana moshi wa injini unaua. Akilizungusha barabarani nusu saa ni bora zaidi: likinguruma pale pale huku AC inakula umeme, betri haipati chaji ya maana.

Ule ukungu unaota kwenye evaporeta, kile kipoza hewa kilicho ndani ya dashibodi, ikiachwa mbichi, na masika ndiyo msimu wake. Dakika 5 kabla ya kuzima injini, azime kitufe cha AC tu, feni iendelee kupuliza kwa kasi ili ikauke. Wewe kabla hujaondoka toa filta ya AC nyuma ya droo ya dashibodi. Ikiwa nyeusi, weka mpya. Swichi ya hewa iache kwenye mzunguko wa ndani, panya wasipate njia rahisi ya kufika kwenye feni.

Upepo wa bahari nao unakula mapezi ya kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari. Isuuzwe mara moja kwa mwezi, injini ikiwa imepoa, kwa mpira wa kawaida. Mashine ya presha inayapinda. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai.

Hita huihitaji Dar, ila inapitisha maji yale yale ya rejeta. Maji matupu huleta kutu inayoziba vijia vyake, hivyo weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) ya kiwango sahihi.

Ukirudi ubaridi ukakosekana, usikubali "tuongeze kidogo". Fundi apime kwanza kabla injini haijawashwa: kwa gesi ya aina ya R134a, kwenye joto la nyuzi 30, geji zote mbili za presha husoma karibu psi 97. Ikiwa chini sana, gesi imetoka. Ikisoma hivyo, ujue ipo, lakini si kwamba inatosha. Atafute pavujapo, azibe, avute vakyumu (anyonye hewa yote iliyomo) angalau dakika 30, kisha ajaze kwa mizani gramu zilizoandikwa kwenye lebo ya boneti. Ikizidi, ubaridi unapungua vilevile na kompresa inaumia.