Salfa ya mikorosho, maziwa na harufu ya siki: majibu ya maswali yenu ya dawa

Ni mkulima wa korosho, Newala. Nilimeza Septrin nikavimba midomo na ngozi ikatoka malengelenge. Kwenye kadi wameniandikia "mzio wa salfa". Sasa wanangu hawataki nishike mashine ya kupulizia mikorosho. Niache?

Shikamoo mzee wangu. Kadi hiyo itunze sana, na Septrin usiimeze tena. Ila salfa tunayopuliza dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, ni kitu kingine. Ile ni salfa tupu: atomi 8 zimeshikana kwa vifungo vya kovalenti, yaani kwa kushirikiana elektroni, zikafanya pete. Ndani ya Septrin mna sulfamethoksazoli, ambamo atomi moja ya salfa imefungwa na oksijeni mbili, naitrojeni moja na pete ya kaboni. Atomi ikishafungwa na nyingine huwa na tabia mpya. Klorini ni gesi ya sumu, lakini ikiungana na sodiamu ndiyo chumvi inayovunwa hapa pwani.

Mwili wako ulikataa molekuli ya dawa, hasa upande wake wenye naitrojeni. Mayai na vitunguu saumu vina salfa, na unavila bila shida. Kwa hiyo mzio huo haukuzuii kupuliza. Vumbi lenyewe linawasha macho na kifua cha mtu yeyote, kwa hiyo vaa barakoa na miwani, na simama upande upepo unakotoka.

Ningependa kadi zetu ziandike jina la dawa badala ya "salfa" peke yake. Kwako waandike "Septrin na dawa za sulfonamidi", yaani kundi la sulfamethoksazoli, maana SP ya malaria nayo imo katika kundi hilo.

Mwanangu alipougua malaria, nesi alisema nimpe mseto na maziwa. Baadaye mimi nikapewa siprofloksasini, nikaambiwa nisinywe na maziwa. Nani mkweli? (Mama, Lindi mjini)

Wote wawili, dada yangu, na naumia kuona mmepewa amri bila sababu yake, kwa kuwa amri ya namna hiyo husahaulika njiani.

Mseto una artemetha na lumefantrini. Lumefantrini haipatani na maji: molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuisukuma pembeni, kama mafuta ya nazi yanavyoelea kwenye sufuria. Ukiimeza tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa hupita bila kuingia kwenye damu. Ikikuta mafuta huyeyuka humo na kufyonzwa. Mlo wenye mafuta umewahi kuonekana ukipandisha ufyonzwaji wake hadi mara 16. Hauhitaji karamu. Maziwa kidogo, mchuzi wa nazi au kiganja cha korosho, ambazo zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake ni mafuta, vinatosha. Fanya hivyo kwa dozi zote 6 za siku 3, hata mtoto akishachangamka.

Siprofloksasini hunaswa na kalisi ya maziwa. Molekuli yake ina oksijeni mbili zilizokaa jirani, na zikikutana na kalisi huibana kutoka pande mbili kama gando la kaa. Kilichobanwa hivyo hakipenyi vizuri utumbo, na bakteria wanabaki salama. Vidonge vya kuongeza damu, zinki na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu hufanya vivyo hivyo. Meza siprofloksasini saa 2 kabla ya vitu hivyo, au saa 6 baada yake.

Aspirini niliyoiweka kabatini inanuka siki. Bado inafaa? (Mikindani)

Haifai, itupe. Aspirini ina kifungo cha esta, na unyevu wa bahari hukikata taratibu. Vinavyobaki ni asidi ya salisili, inayochoma tumbo, na asidi ya asetiki, ambayo ndiyo siki yenyewe unayoinusa. Jikoni na bafuni pasiwe mahali pa kuwekea dawa. Iache kwenye pakiti yake hadi siku ya kuimeza.

Shikamoo. Nasoma kidato cha sita, Masasi. Kama vifungo vya haidrojeni ni dhaifu, kwa nini dawa nyingi huvitegemea?

Marahaba mwanangu, swali zuri. Kifungo cha kaboni na kaboni kinahitaji karibu kilojuli 350 kwa moli ili kikatike. Cha haidrojeni mara nyingi ni kati ya 10 na 40. Lakini dawa haishiki protini kwa kimoja tu. Hushika kwa vingi pamoja, ikisaidiwa na mivuto ya van der Waals (mivuto midogo kati ya molekuli zilizokaribiana) na ya chaji, kama wavu unaobeba samaki kwa nyuzi nyembamba nyingi. Udhaifu huo una faida pia: dawa huachia, figo huitoa, na kazi yake huisha.

Linganisha ibuprofeni na aspirini. Zote huzuia kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini. Ibuprofeni hukishika kwa mivuto dhaifu kisha huachia. Aspirini hukibandika kipande chake kwa kifungo cha kovalenti, na hakibanduki. Chembe sahani za damu, zinazosaidia damu kuganda, hazina kiini cha kutengenezea kimeng'enya kipya, kwa hiyo hubaki hivyo hadi zife, siku 7 hadi 10. Ndiyo maana daktari wa upasuaji akikuuliza kama umemeza aspirini, unamtajia hata ya wiki iliyopita.