Wafasiri wangu hawajui Git, na kazi inakwenda

Mkuu, umeuliza uanze na amri zipi za Git, ile programu inayotunza kila badiliko la mafaili, kuwafundisha walimu watatu wanaokutafsiria programu. Usianze na yoyote. Mimi nilianza na saba, nikaziandika ubaoni kabisa. Wiki iliyofuata mafaili yakanijia kwa WhatsApp: "mwisho", "mwisho_kweli", "mwisho_usiguse".

Nikadhani ni uvivu. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, ndiye aliyenifumbua macho: "Mwanangu, lile dirisha jeusi la kuandikia amri naogopa nikikosea herufi moja nitafuta kazi ya wenzangu." Kumbe tatizo halikuwa kujifunza, lilikuwa kuogopa kuharibu.

Basi nikafunga tawi kuu, yaani nakala rasmi ya mradi, kule GitHub, tovuti tunakohifadhi kazi ya Git. Hakuna anayeingiza kitu moja kwa moja, hata mimi. Kila badiliko lazima mwingine alipitie kwanza. Nikamwambia mama, sasa haribu utakavyo. Halafu nikawaonyesha alama ya penseli, basi: fungua faili kwenye kivinjari, bonyeza penseli, rekebisha, andika umebadilisha nini, tuma. Asiye na ruhusa ya kuandika kwenye mradi, GitHub yenyewe inamtengenezea nakala yake. Maelezo usiwabane. "Nimesahihisha herufi" yanatosha.

Kwenye maandishi marefu ya msaada, weka kila sentensi kwenye mstari wake. Git hulinganisha mstari kwa mstari, kwa hiyo aya nzima ikikaa kwenye mstari mmoja, wawili wakigusa maneno tofauti ndani yake tayari ni mgongano: Git haijui ichukue la nani. Kwetu migongano ilipungua sana. Inayobaki natatua mwenyewe. Zile alama za <<<<<<< ambazo Git huziweka penye mgongano, mwalimu akiziona atakimbia.

Maneno ya vitufe na menyu tuliyahamishia Weblate, tovuti ya kutafsiria programu. Mfasiri anaona Kiingereza, anaandika Kiswahili chini yake, na mabadiliko yanaingia kwenye Git kwa jina lake bila yeye kuigusa. Inamwonya pia akisahau %s, alama ambayo programu huweka jina au neno mahali pake. Hilo liliwahi kunitesa: mama alizifuta zote akidhani ni makosa ya uchapaji, na kwa jicho la mwalimu alikuwa na haki.

GitHub Desktop uliyoitaja, programu ya kutumia Git kwa vitufe badala ya amri, nimemwekea mmoja tu, anayebadilisha picha nyingi kwa mkupuo. Wengine hawajawahi kuiulizia.