Ngozi kavu inayowasha: jibu kwa mujibu wa Ayurveda

Dada uliyeuliza kuhusu ngozi inayokauka na kuwasha kila unapotoka kuoga: Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huihesabu hali hiyo kuwa ni kuzidi kwa vata, moja ya nguvu tatu ambazo tiba hiyo husema huongoza mwili, yenye sifa za ukavu, ubaridi na ukwaru, na kwa hiyo huikabili kwa joto na mafuta. Njia yake kuu ni abhyanga, yaani kujisugua taratibu kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto kidogo, kiasi kwamba tone likidondoshewa kwenye kifundo cha mkono haliunguzi, kisha kuoga kwa maji ya vuguvugu. Badala ya sabuni hutumika unga wa dengu uliokorogwa kwa maziwa. Mimi ningeusuuza kabla haujakauka, kwa sababu ukikauka huivuta ngozi. Ipo pia samli ya kupaka inayooshwa kwa maji mara 100 hadi igeuke krimu nyeupe laini, kazi ya kuchosha kwelikweli. Jaribu kwanza sehemu ndogo mkononi, maana wapo wenye mzio wa ufuta. Dawa za kumeza za Ayurveda ziache, kwani baadhi zimekutwa na madini ya risasi na zebaki. Ngozi ikipasuka au kutoa majimaji, muone daktari wa ngozi.