Kabla Hamjachomeka Flashi: Kwa Mafundi Wapya wa Skrini ya Buluu

Mwanagenzi akiletewa mashine inayoanguka kwa skrini ya buluu, mkono wake huenda kwenye flashi ya kusakinisha Windows kabla jicho halijamaliza kusoma kilichoandikwa. Haya nimeyaona mwaka nenda mwaka rudi katika vibanda vya Barabara ya Digo, Mombasa, na juzi nimeyaona tena mezani pangu, kwa kijana ninayempenda na ambaye mikono yake ni myepesi kuliko yangu nilipokuwa na umri wake. Alifomati, akasakinisha upya, akamkabidhi mteja, na mashine ikarudi kabla ya Ijumaa na buluu ileile. Basi nawaandikia nyote mlioanza kazi hii karibuni. Sitawaeleza RAM ni nini wala BIOS huingiwa vipi, maana hayo mnayajua. Mnachokipuuza ni utaratibu.

1. Soma, kisha andika. Windows hujisimamisha kwa makusudi inapogundua kwamba kiini chake hakiaminiki tena, ili isiendelee kufanya kazi na kuharibu data ya mwenyewe, na kabla ya kujizima huacha ushahidi. Msimbo wa kusimama huonekana kwa muda mfupi tu kwa kuwa mashine hujiwasha upya yenyewe, kwa hiyo zima kwanza tabia hiyo katika dirisha la mipangilio ya mfumo, sysdm.cpl, kisha fungua folda ya C:\Windows\Minidump na usome rekodi zilizomo kwa programu ya BlueScreenView, au kwa WinDbg, zana ya Microsoft yenyewe, na amri ya !analyze -v ukiwa na subira. Msimbo ukiwa uleule na faili lililotajwa ni lilelile kila mara, shuku draiva, yaani programu inayoiunganisha Windows na kifaa. Misimbo ikibadilika kila inapoanguka, shuku RAM au umeme unaoilisha. Jina ntoskrnl.exe, ambalo ni faili la kiini chenyewe cha Windows, likitokea, usikimbilie kulilaumu, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo kosa liliponaswa tu, na aliyelifanya ni mwingine. Na mteja akikwambia kwamba skrini yake ilikuwa nyeusi wala si buluu, usimcheke: katika Windows 11 Microsoft ilibadilisha rangi mwaka 2025, lakini maradhi ni yaleyale.

Hapohapo niseme juu ya Kernel-Power 41, tukio ambalo Windows huliandika katika kumbukumbu zake (Event Viewer), na ambalo kila mwanagenzi huniletea kwa furaha kana kwamba amemkamata mwizi. Tukio hilo halisemi kwa nini mashine ilizimika. Linasema tu kwamba ilizimika bila kuaga. Stima ikikatika Kisauni, kila kompyuta ya mezani isiyo na UPS itaandika 41 pindi ikiwashwa tena. Fungua maelezo yake ya ndani utazame BugcheckCode: ikiwa ni sifuri, hapakuwa na buluu iliyorekodiwa, kwa hiyo angalia umeme, pawa saplai na joto, ikiwa ni nambari nyingine, kumbuka kwamba imeandikwa kwa hesabu ya kawaida ya makumi, ilhali misimbo inayoanza na 0x huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, kwamba 26 ndiyo 0x1A na 122 ndiyo 0x7A. Kijana mmoja alimaliza mchana mzima akitafuta dawa ya 0x26.

2. Muulize mwenye mashine nini kilibadilika, na umwache amalize kusema. Ameongeza RAM? Ameweka kinga mpya ya virusi? Mtoto amesakinisha mchezo? Tarehe 19 Julai 2024 mashine za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zilianguka duniani kote kwa sababu ya faili moja bovu la masasisho kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike, na dawa ilikuwa kuingia katika sefu modi, ile hali ya Windows kuwaka na vitu vichache vya lazima tu, na kufuta faili ambalo jina lake lilianza na C-00000291. Zilikuwa mashine za maofisi na viwanja vya ndege zaidi kuliko za nyumbani, lakini funzo linawahusu: siku ile fundi aliyekimbilia bisibisi alifungua mashine zisizo na ugonjwa wowote ndani.

3. RAM. Buluu za MEMORY_MANAGEMENT na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA haziwi RAM mbovu kila mara, lakini ndipo pa kuanzia. Hapa kwetu pwani, kabla ya kumuuza mteja kipande kipya, kitoe cha zamani, safisha meno yake kwa raba ya kufutia penseli na pombe ya isopropili, pangusa mabaki yote, kisha kirudishe mpaka kibano kilie. Hewa ya chumvi na unyevu wa mji huu hufanya kazi usiku na mchana juu ya shaba na bati, hasa katika nyumba zinazotazama bahari na kuacha madirisha wazi, na nimeona mashine nyingi zikipona kwa raba ya shilingi chache. Isipopona, pima kwa programu ya MemTest86, kipande kimoja kimoja, uiache mpaka imalize mizunguko yote minne. Kosa moja tu linatosha kukikataa kipande. Ile zana ya Windows ya kupima kumbukumbu ni nyepesi. Ikikwambia hakuna tatizo, usiape kwa jina lake.

4. Diski. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipomharibia mtu, na kosa langu nawaona mkilirudia neno kwa neno.

Nilikuwa nimefungua meza yangu mwenyewe Mwembe Tayari, nina kiburi cha mtu aliyekwisha kutengeneza mashine za kutosha kuanza kuitwa mtaalamu. Alikuja mama mmoja wa Majengo, mweka hazina wa chama cha kuzikana cha mtaa wao, na kompyuta ya mezani iliyobeba daftari zima la chama katika faili moja la Excel: nani ametoa, nani anadaiwa, nani alisaidiwa na kiasi gani. Akaniambia, "Mwanangu, mashine hii hubisha hodi mle ndani, lakini haingii mtu." Kauli ile ilikuwa utambuzi kamili wa ugonjwa, bora kuliko programu yoyote niliyokuwa nayo, na mimi nilicheka na kumjibu, "Haina neno, mama, njoo kesho uichukue."

Ilianguka mbele yangu na KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, yaani 0x7A. Maana yake ni kwamba Windows ilihitaji kurudisha kwenye RAM ukurasa wa data uliokuwa diskini na haikuupata. Laiti ningelisoma lile jina lote! Lakini nilikuwa nimeambiwa na wakubwa wangu kwamba buluu ni RAM, basi nikabadilisha RAM. Ikawaka, ikakaa kitambo bila kuanguka, nami nikaanza kupiga hesabu ya nitakachomtoza. Ilipoanguka tena ndipo nikakumbuka diski, na nikafanya lile ambalo hata leo mnalifanya mkidhani ni uangalifu: nikaendesha chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kukarabati diski, nikafunga kibanda, nikaenda kuvuka feri ya Likoni nikiwa na moyo mweupe. Asubuhi BIOS haikuiona diski kabisa.

Eleweni kilichotokea usiku ule. Swichi ya /r huisoma diski nzima, sekta (kipande kidogo cha kuhifadhia data) baada ya sekta, na inapofika mahali pabovu hurudia kujaribu tena na tena. Kichwa cha kusomea kilichokuwa kikigonga kilibakiwa na saa chache za uhai, na saa hizo nilizitumia kutafuta sekta mbovu, badala ya kuokoa faili moja lililokuwa dogo kuliko picha ya simu. Dakika mbili za kunakili zingetosha. Hata diski ingalinusurika, chkdsk inajali mfumo wa mafaili uwe sawa, haijali daftari la mtu. Rekodi isiyoeleweka huikata na kuendelea.

Mama yule alipofika aliuliza swali moja tu: "Na daftari?" Yaliyofuata nayasimulia leo nikicheka, ingawa wakati ule hapakuwa na kicheko. Habari zilienea mtaani kwamba daftari limepotea, na ghafla kila mwanachama akawa amelipa kamili. Waliokuwa na madeni ya miezi wakawa ndio wanaosema kwa sauti kubwa zaidi. Nikaitwa barazani nieleze mbele ya wazee sekta mbovu ni kitu gani, na mzee mmoja akataka kujua kama sekta hizo zilikuwa mbovu kabla mimi sijazigusa au baada. Lilikuwa swali la haki, nami sikuwa na jibu zuri. Mweka hazina alilijenga upya daftari kutokana na ujumbe wa M-Pesa uliobaki kwenye simu yake, lakini waliokuwa wakitoa taslimu waliendelea kugombana naye muda mrefu, na lawama zilizokuwa zangu alizibeba yeye. Pesa zake nilimrudishia. Mashine yake iliyofuata aliipeleka kwa jirani yangu, na nilikuwa nikimwona akipita.

Kwa hiyo: kabla ya ukarabati wowote wa diski, fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Mistari ya 05 (sekta mbovu zilizokwisha kubadilishwa) na C5 (sekta zinazoshukiwa) ikiwa na thamani ghafi isiyo sifuri, hakuna chkdsk mpaka vitu vya mteja viwe vimenakiliwa kwenye diski nyingine. Ikiwa usomaji unakwama, nakili diski nzima kwa programu ya ddrescue kutoka flashi ya Linux, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuziacha mbovu kwa mwisho. Ikigonga, izime, umwambie mteja ukweli kuhusu gharama za wataalamu wa kuokoa data, na uiache. SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, haigongi, mara nyingi hufa bila kutoa ishara yoyote, kwa hiyo nakili hata pale unapoona kila kitu kiko salama.

5. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, yaani 0x7B, pale Windows inapokosa kuifikia diski ya kuwakia, kwenye mashine kuukuu zilizotoka Ulaya. Hizi ndizo zimejaa mjini, na betri zao za bodi, zile CR2032 za duara, nyingi hufika zikiwa zimechoka. Mwenye nyumba huchomoa waya usiku kwa kuogopa umeme unaporudi kwa kishindo, betri haiwezi kushikilia mipangilio, BIOS inarudi kwenye hali ya kiwandani, na diski iliyosakinishwa kwa AHCI inajikuta imewekwa kwenye RAID, au kinyume chake; hizo ni namna mbili za bodi kuzungumza na diski, na Windows hutarajia ile iliyosakinishwa nayo. Dalili ya wazi ni saa: tarehe ikionyesha miaka mingi nyuma, umeshapata jibu. Rudisha mpangilio huo wa diski (SATA) ulivyokuwa, badilisha betri, umpe mtu mashine yake na kila kitu chake ndani. Najua kuna mafundi wanaofomati kwa ugonjwa huu, na ninamjua mmoja anayefanya hivyo akijua. Huyo sina la kumwambia.

6. Mengine kwa ufupi. Mafaili ya Windows yakishukiwa kuharibika, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth kabla ya sfc /scannow, kwa sababu sfc hutengeneza kwa kutumia akiba ambayo DISM huirekebisha. Usiguse BIOS ya laptopu yenye BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga data ya diski, kabla ya kuhakikisha kwamba mteja anao ufunguo wa kurejesha. Driver Verifier, zana ya Windows ya kuzijaribu draiva kwa nguvu, ikikufungia mashine katika mzunguko wa kuanguka, ingia sefu modi uandike verifier /reset. Wakati wa kaskazi, safisha feni kwanza, ndipo utoe hukumu juu ya WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, buluu ya kosa la vifaa.

7. Kufomati kuna siku yake. Siku hiyo ni pale RAM imepita, diski ni nzima, draiva zimeshashukiwa na kuondolewa, nakala imetolewa, na mteja mwenyewe ameketi akayafungua mafaili yake matatu manne kutoka kwenye nakala hiyo na kusema ndiyo haya. Hapo chomeka flashi yako. Na mashine ikianguka kwa buluu katikati ya kusakinisha Windows mpya kabisa, jua kwamba tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa la vifaa. Chomoa flashi, rudi nambari ya tatu, na pesa ya kufomati usimtoze.