Uliza Anti Safari: Wazazi wanakuja kutoka Mombasa, tukodi RV twende nao Mto Mississippi?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni nesi, naishi Brooklyn Park hapa Minnesota mwaka wa tisa saa hii, mume wangu ni dereva wa lori na watoto wetu ni watatu, wa miaka 4, 8 na 12. Agosti wazazi wangu wanakuja Marekani kwa mara ya kwanza. Babangu amestaafu, alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi kwenye krini, na mamangu ni mzaliwa wa Ngao, mtu wa Mto Tana, kila akipiga simu lazima aniulize huo mto wenu mkubwa nitauona lini. Sasa tumefikiria tukodi RV, lile gari kubwa lenye vitanda na jiko ndani, twende Wabasha, mji ulio ukingoni mwa Mississippi, usiku tatu tulale kando ya mto. Mimi RV sijawahi hata kuingia. Nimeona moja ya futi 31 imeandikwa inalaza watu 8, nilipie? Alafu mamangu magoti yanamsumbua. Tulitaka wikendi ya Labor Day kwa vile sote tuko ofu. Nianzie wapi?
*Mama wa Watatu, Brooklyn Park*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuwaleta wazee. Usilipie gari kwanza. Wengi wanakosea hapo, wanaona RV nzuri kwenye simu wanalipa diposti, alafu ndio wanaanza kutafuta pa kuiegesha na kukuta kila mahali kumejaa ama saiti, yaani nafasi ya kuegesha, iliyobaki ni ya futi 25 na wao wameshakodi futi 31. Anza na saiti. Ukishaipata ndio utajua gari la urefu gani linaingia.

Labor Day iache kabisa. Hiyo Jumatatu ya kwanza ya Septemba ndio wikendi ya mwisho ya kiangazi na Minnesota nzima iko majini, na kempu (viwanja vya kupiga kambi) za serikali ya jimbo zinaruhusu watu kubuku siku 120 kabla, kwa hivyo saiti za karibu na maji zinaondoka mapema sana. Wewe ni nesi, omba ofu zako zikae pamoja, mwende Jumatatu mrudi Alhamisi katikati ya Agosti kabla shule hazijafunguliwa. Siku hizo mto unakuwa mtulivu, bei pia hupungua sehemu nyingi, na mamako atakaa ukingoni bila kelele za maboti.

Ukipiga simu kempu (piga, usiishie kwenye picha) uliza saiti ina urefu gani na kama gari la pili linaenea, umeme ni wa amp 30 au 50, maji yapo pale pale au kwenye bomba la pamoja, na kama ni ya kupita moja kwa moja au lazima urudi nyuma. Kwa mara ya kwanza lipa zaidi upate ya kupita moja kwa moja. Uliza pia reli iko umbali gani, na hili nakusisitizia, maana bonde lile lina reli pande zote mbili za mto, upande wa Minnesota na upande wa Wisconsin, na treni za mizigo zinapita usiku kucha zikipiga honi kwenye kila kivuko. Wengine tunalala nayo kama muziki ila mzee aliyetoka kwenye ndege ya masaa mengi hatalala.

Sasa hiyo RV ya futi 31. Ikiandikwa inalaza 8, jua wamehesabu kitanda cha nyuma, kile cha juu ya dereva, meza ya kulia inayogeuzwa kitanda, na kochi linalofunguliwa. Kila usiku mnavunja meza, kila asubuhi mnaijenga upya, na anayeamka saa kumi kwenda choo anapita juu ya miguu ya watu. Nyinyi ni saba. Mimi ningechukua ya futi 25 mpaka 28, nikauliza kama kempu inaruhusu hema moja pembeni ya gari, mume na huyo wa miaka 12 wakalala humo, na huyo mtoto hatasahau.

Kitanda cha wazee kiangalie kwa makini kwenye picha. Kuna kile kilichosukumwa kwenye kona, anayelala upande wa ukutani lazima ampande mwenzake ili atoke, na kwa mtu wa magoti hiyo ni taabu. Tafuta kitanda ambacho unaweza kukizunguka pande zote mbili. Cha juu ya dereva kina ngazi na kina kikomo cha uzito, hicho ni cha watoto, na huyo wa miaka 4 asilale huko bila wavu wa kuzuia. Mlangoni nako ngazi ya kwanza huwa juu, beba kistuli imara cha kuwekwa chini, na umwonyeshe mamako mshikio wa ukutani siku hiyo hiyo kabla giza halijaingia.

Wazee wasisafiri ndani ya RV, mume aendeshe RV na wao waende nawe kwenye gari lenu la kawaida nyuma yake. Viti vya ndani vingi vimekaa upande, vyombo vinagongana kabatini, na kiti cha gari cha mtoto kinafungwa salama tu kwenye kiti kinachotazama mbele, nacho pengine ni kimoja au viwili. Na hilo gari la pili ndilo litakalowatembeza mjini. RV ikishapangwa, ikanyooshwa kwa mbao za kusawazisha, ikaunganishwa umeme na maji, iacheni hapo usiku zote tatu. Safari zinazoharibika ni zile za kung'oa kila asubuhi kwenda kuona hiki na kile.

Mume wako kwa vile ni dereva wa lori hatapata shida ila mkumbushe mkia. RV ina sehemu ndefu nyuma ya matairi, ukikata kona kushoto mkia unatupa kulia, na ndio unaogonga nguzo kwenye petroli stesheni. Urefu wa kwenda juu ni kama futi 11 au 12, muulize mwenye gari namba kamili, iandikeni kwenye karatasi mbandike mbele ya usukani. Kutoka kwenu mpaka Wabasha ni kama maili 100 kwa barabara ya 61, mnapita Hastings, Red Wing na Lake City. Gari kama hilo linakula galoni moja kwa maili 8 hivi, kwa hivyo kwenda na kurudi wekeni bajeti ya galoni 25.

Kwenye mkataba soma maili zinazoruhusiwa kwa siku, ada ya saa za jenereta, na nani analipa paa likikwaruzwa. Ile bima ya gari lako ya kawaida usidhani inafunika RV, pigia simu kampuni yako wakujibu kwa maandishi. Siku ya kuchukua gari piga video, zunguka nje, panda ngazi uone paa, fungua kila kabati, washa eisi ya kupoza hewa na friji ukiwa bado uwanjani kwao. Sisi tuliwahi kupewa gari lenye mpira wa maji uliopasuka, tumefika kempu saa mbili usiku na watoto wana kiu na duka la karibu limefungwa. Tangu siku hiyo huwa nafungua kila mpira na kuupitisha mkononi kabla sijatia sahihi.

Umeme nao. Amp 30 ni kama wati 3,600 kwa gari zima. Eisi peke yake inakula karibu nusu, maikrowevu inakula karibu yote iliyobaki, ukiongeza heta ya maji ya umeme breka, ile swichi ya usalama ya umeme, inajikata. Si gari limeharibika, zima kimoja uwashe kingine.

Tuje kwa raha yenyewe, maana hapa wazazi wako wamepata mahali pao haswa.

Babako mpeleke Alma, mji mdogo upande wa Wisconsin, mnavuka daraja la Wabasha mnafuata mto kuelekea kusini dakika chache. Pale kuna bwawa namba 4 na loku yake, yaani chumba cha maji chenye milango cha kupandisha na kushusha vyombo, na pamejengwa jukwaa la kutazamia, bure. Matishari ya mahindi na soya yanashuka kwenda kusini, kumi na tano yamefungwa pamoja, matatu kwa upana na matano kwa urefu, yakisukumwa na boti moja tu kutoka nyuma. Tishari moja linabeba kama tani 1,500, piga hesabu mwenyewe. Loku ina urefu wa futi 600 na msafara wote ni karibu mara mbili ya hapo, kwa hivyo wanaukata katikati: nusu ya kwanza inaingia bila boti, milango inafungwa, maji yanashuka, inavutwa nje, alafu nusu ya pili inakuja na boti, kisha mabaharia wanatembea juu ya matishari na nyaya za chuma wanayafunga tena. Inachukua kama saa moja na nusu. Mzee wa krini wa Kilindini ukimweka hapo na kiti na chai usimharakishe, atakueleza kila waya unafanya kazi gani na watoto watamjua babu yao upya.

Mamako na tai. Wabasha kuna Kituo cha Taifa cha Tai, kiko ukingoni kabisa, na ndani wanaishi tai wenye kichwa cheupe walioumia wasioweza kurudi porini, unasimama hatua chache kutoka kwao. Mto Chippewa unaingia hapo juu kidogo na kasi yake inazuia maji yasigande, ndio maana majira ya baridi tai wanajaa sehemu ile kuvua samaki. Dawa ya kuua wadudu ya DDT iliwamaliza karibu wote, ikapigwa marufuku 1972, na 2007 walitolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Mtu wa Tana akimuona huyo ndege atakwambia mbona huyu ni furukombe, na hajakosea sana, wana udugu.

Kuvua pia waruhusuni, kambare wamo. Kuanzia miaka 16 lazima leseni, na mgeni anaweza kununua ya siku chache tu. Soma kwanza ushauri wa jimbo kuhusu samaki gani wa kula na mara ngapi, hasa kwa watoto.

Kitu kimoja sikuachii hivi hivi. Juu ya Wabasha mto unapanuka unakuwa Ziwa Pepin, urefu wake maili 22 na upana unafika maili 2, na dhoruba ya Agosti inashuka kutoka vilimani ghafla. Tarehe 13 Julai 1890 meli ya Sea Wing ilipinduka kwenye ziwa hilo, watu 98 wakafa, wengi walikuwa familia zilizotoka matembezini. Mkikodi boti kila mtu avae jaketi la kuokolea, na sheria ya Minnesota inalazimisha walio chini ya miaka 10. Na lile turubai la kivuli la ubavuni kwa RV likunjeni kila mnapolala au mnapotoka, hata kama anga ni safi.

SWALI: Asalaam aleikum. Sisi ni familia ya Kiislamu Columbus, Ohio, tunatumia maji chooni na tunatawadha mara tano. Tangi la RV si litajaa siku ya kwanza?
*Baba wa Pacha*

JIBU: Waleikum salaam. Matangi ya maji machafu ni mawili. La choo peke yake, na la sinki na bafu peke yake. Maji chooni ni mazuri, wanaotumia karatasi tupu na maji kidogo ndio uchafu unawagandia chini. Litakaloanza kujaa ni lile la sinki na bafu, kwa hivyo tawadhieni nje kwa birika pale kempu inaporuhusu, au kwenye vyoo vya kempu, na kuoga ogeni huko huko. Hata kama saiti ina shimo la kuunganisha mpira wa maji machafu, vali ya choo iwe imefungwa mpaka tangi lifike kama theluthi mbili, ukiiacha wazi maji yanaondoka uchafu unabaki. Kumwaga, anza na la choo, umalizie na la sinki, hayo maji ya sabuni yanasafisha mpira. Glavu za kutupa, na mpira wa choo usikae kabati moja na ule wa maji ya kunywa.

SWALI: Anti, tunaweza kubeba kuni na jiko letu la makaa kutoka nyumbani? Ugali kwenye kale kajiko ka gesi siamini kama unaiva.
*Msomaji, Rochester*

JIBU: Kuni acha nyumbani. Kuna mdudu wa kijani anayeua miti ya ash, Minnesota alionekana 2009, na anasafiri ndani ya kuni za watu kama sisi, kwa hivyo nunua zilizoidhinishwa karibu na kempu. Jiko la makaa beba ila uliza kanuni zao, na litumike nje tu. Usiliingize ndani ya RV hata likiwa linaelekea kuzima, hata kama usiku ni baridi, gesi ya sumu ya makaa haina harufu ya kukuamsha na inaua familia nzima. Ugali upike nje kwenye jiko la gesi la mezani lenye moto mkubwa, sufuria nzito, na mtu mmoja akushikie sufuria wakati wa kusonga kwa sababu hizo meza za kempu zinayumba.