Jibu: Watoto wa Kisenyi wote wananipa majibu yaleyale

Salaam, ndugu. Unasema watoto wanaoombaomba Kisenyi, Kampala, wanajibu dodoso lako kana kwamba wamekaririshwa. Angalia kwanza nani amesimama karibu. Anayekusanya hela huwa hatua chache tu, na mtoto humtupia jicho kabla ya kufungua mdomo. Hapo acha kuhoji.

Usianze na “nani alikuleta mjini?” Muulize jana alilala wapi, nani alipika, na hela alizopata anazo nani. Hilo la mwisho ndilo linalofichua mengi. Kwa waliotoka Napak, wilaya ya Karamoja kaskazini mashariki mwa Uganda, tafuta mkalimani wa Kikaramoja, ila asiwe wa nyumba wanakolala. Huenda ndiye wakala mwenyewe anayewaleta mjini. Pesa taslimu usiwape, zitaishia kwa bosi.

Barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) pekee haitoshi: unahitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na cha UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda. Swali la kama mtoto “alikubali” kuja lifute, maana sheria ya Uganda ya 2009 ya usafirishaji haramu wa binadamu haiutambui ukubali wake. Akiwa hatarini, simamisha mahojiano, piga Sauti 116, simu ya msaada kwa watoto (bure), kisha mwone afisa ustawi wa jamii.