Akiolojia chuoni: kazi ipo, ila si pale wengi wanapoitafuta

Mleta mada, umesema mdogo wako ameitwa chuo kusomea akiolojia na mzee anauliza kama karo yake inaenda kuchimba mifupa. Nilisoma kozi hiyo hapa Nairobi na ndiyo inayonilipia nyumba.

Kwanza, asitegemee Makumbusho ya Kitaifa peke yake. Nafasi ni haba na walio nazo hawaondoki. Unga uko kwenye ujenzi. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari zake kwa mazingira kabla ya kuanza, na ile ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda mambo ya kale, hata yaliyofukiwa. Kwa hiyo kabla tingatinga halijaingia, sisi hutangulia.

Mnajipanga mstari, macho chini, mnapita shamba baada ya shamba. Ukiona vigae vya chungu vyenye nakshi, au mavi ya chuma yaliyoachwa na wafua chuma wa zamani, unachomeka kibendera, unapima kwa GPS, unapiga picha kabla hujagusa chochote. Kisha unaketi na wazee, maana kaburi lisilo na alama, au mti wa matambiko, hutavijua kwa picha ya setilaiti. Mara nyingi ushauri wetu ni barabara isogezwe kidogo tu. Malipo? Kuna wakandarasi wa kufukuzana nao miezi, hilo alijue mapema.

Na mifupa na mawe si mchezo, ndiyo shule yenyewe. Mpeleke Olorgesailie, eneo la mabaki ya kale kwenye barabara ya Magadi, aone mashoka ya mawe yalivyotapakaa. Pale watafiti walipima kemikali za vipande vya obsidiani, yaani mawe ya volkano yanayong'aa kama kioo, wakajua vilitolewa mbali, zaidi ya miaka 300,000 iliyopita. Hapo ndipo mtu anajifunza kutoropoka bila ushahidi, na mwajiri yeyote anamhitaji mtu wa hivyo.

Akiwa chuoni asome ramani za kompyuta, upimaji na takwimu, hata kama si lazima. Wenzangu waliokwepa hizo wanahangaika mpaka leo. Afanye pia mafunzo ya tathmini ya mazingira, kwani NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, husajili wataalamu na ripoti hutiwa sahihi na mwenye leseni.

Kabla hajaripoti, aulize kama safari za uwandani zimo kwenye karo. Sisi tulilipa pembeni, na haikuwa hela ya chai.